Daftari la Michango

Mimi ni mtoto wa zamu. Najua kwamba kwa msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa neno hili lina maana ya kupokezana kazi: leo zamu yangu, kesho zamu yako. Kwetu Bujumbura zamu ni mtu. Ni mlinzi anayekaa getini usiku kucha akiwa na koti zito, tochi na redio ndogo, na asubuhi anafungua geti ili gari la bosi litoke. Baba yangu amekuwa zamu kwenye nyumba moja ya Mutanga Nord tangu kabla sijazaliwa. Nimeanza na habari hiyo kwa sababu bila hiyo msomaji hataelewa kwa nini daftari la shule, kitu cha karatasi tu, liliniumiza kiasi nilichoumia.

Mutanga Nord ni mtaa wa kaskazini mwa jiji, katika zoni ya Gihosha, tarafa ya Ntahangwa. Tarafa imepewa jina la mto unaopita kusini mwa mtaa wetu. Ukiuvuka mto huo unafika Mutanga Sud na kampasi ya Chuo Kikuu cha Burundi, ninakosoma. Mtaa umekaa kwenye mteremko. Sehemu kubwa ni nyumba nzuri zenye kuta ndefu, na juu ya kuta hizo bogenvilia zimetambaa. Ukipanda kuelekea Sororezo, nyumba zinakuwa ndogo, njia zinakuwa za udongo, na watu wanafahamiana kwa majina. Sisi tunakaa huko juu.

Kila asubuhi mtaa hupishanisha watoto wake. Watoto wa nyumba kubwa wanatoka kwa magari kwenda shule za binafsi. Watoto wa zamu, wa wapishi, wa waashi na wa wachuuzi wanateremka kwa miguu kwenda shule ya serikali. Sisemi hivi ili kumlaumu mtu. Mtoto wa bosi wa Baba alikuwa akinipa vitabu vyake vya hadithi alipomaliza kuvisoma, na vingine ninavyo mpaka leo. Nataka tu ieleweke kwamba shule ya mtaa haikuwa shule ya wenye mtaa. Ilikuwa shule ya wale wanaoingia mtaani kufanya kazi.

Niliingia darasa la kwanza Septemba 2010. Miaka mitano kabla ya hapo, tarehe 26 Agosti 2005, Rais Pierre Nkurunziza alitangaza siku ya kuapishwa kwake kwamba elimu ya msingi itakuwa bure. Majirani zetu walikuwa wameshatangulia: Uganda mwaka 1997, Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000, Kenya mwaka 2003. Kote huko hadithi ilikuwa moja. Ada inafutwa kwa siku moja, lakini darasa halijengwi kwa siku moja. Watoto walifurika, na shule zikabaki na vyumba vilevile.

Darasani kwetu tulikuwa zaidi ya tisini. Dawati la watu watatu lilikaliwa na watano, na yule wa pembeni aliandika akiwa amekaa nusu, mguu mmoja nje. Kundi moja lilisoma asubuhi, jingine mchana, kwa hiyo kila mtoto alipata nusu ya siku ya shule. Hakukuwa na dari. Msimu wa mvua ulipofika, matone yalipoanza kupiga mabati, Mwalimu aliweka chaki mezani, akakunja mikono na kungoja. Hata angepiga kelele, wa mstari wa tatu asingesikia. Tulikuwa tunafurahi, maana tulidhani ni mapumziko.

Mwaka 2013 mfumo ukabadilika. Shule ya msingi ya miaka sita ikawa ya miaka tisa, ile tunayoiita ekofo kwa kufupisha jina lake la Kifaransa. Lilikuwa wazo zuri, kwa sababu watoto wengi zaidi wangeweza kuendelea na masomo karibu na nyumbani. Lakini shule yenye vyumba vya madarasa sita ilitakiwa sasa kupata la saba, la nane na la tisa. Nilipofika la saba, tulisomea kwenye stoo ya zamani yenye dirisha moja. Ukikaa mbali na dirisha hilo, ubao uliusoma kwa kukisia. Ni kwenye stoo hiyo nilipoanza kukipenda Kiswahili. Mwalimu wetu alipenda sana kutusomea kwa sauti, na kwa kusikiliza hukuhitaji mwanga.

Aprili 2024 nilikuwa mwanafunzi wa chuo. Mwalimu aliyenifundisha darasa la pili, ambaye sasa ndiye mwalimu mkuu, alinikuta njiani nikipanda kutoka chuo.

"Mwanangu, bado una ule mwandiko wako mzuri?"

"Ninao, Mwalimu."

"Basi njoo Jumamosi. Tunataka kupanua shule."

Mpango ulikuwa huu. Vyumba vitatu vipya kwa ajili ya madarasa ya juu. Vyumba viwili vya zamani vifanyiwe ukarabati: sakafu iliyochimbika imwagwe upya, mabati yaliyotoboka yabadilishwe, madirisha yawekwe. Vyoo viongezwe, na vya wasichana vitenganishwe na kupewa milango inayofungwa kwa ndani. Utaratibu ulikuwa ule uliozoeleka nchini: wananchi wanainua kuta, kisha wanaomba serikali isaidie paa. Kazi ingefanyika Jumamosi asubuhi, wakati wa kazi za pamoja ambazo kwa Kirundi zinaitwa ibikorwa rusangi. Kwa ajili ya saruji, mawe na mafundi, kamati ya wazazi iliamua kila familia itoe faranga 10,000 kwa kila mtoto, kidogo kidogo mpaka mwisho wa kiangazi.

Mimi nikawa katibu. Hakuna aliyewahi kunipa cheo kabla ya hapo. Nilinunua daftari kubwa, nikalifunika kwa gazeti, nikachora mistari kwa rula: namba, jina la mzazi, darasa la mtoto, kiasi, tarehe, saini. Kwa wasiojua kuandika nilibeba kidau cha wino wa kidole. Muhula ule, chuoni, nilikuwa nimeandika insha kuhusu Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1967 na Azimio la Musoma la mwaka 1974, na jinsi wanavijiji wa Tanzania walivyojenga madarasa kwa mikono yao ili kila mtoto aingie shule. Nilisifia umoja. Nilipata alama nzuri. Niliposimama uwanjani na daftari langu kifuani, nilijiona niko ndani ya insha yangu.

Jumamosi za kwanza zilikuwa nzuri kweli. Watu walipanga mstari kutoka barabarani, ambako lori lilishindwa kupanda, mpaka kwenye kiwanja, na matofali ya kuchoma yakapita mkono kwa mkono. Akina mama walibeba mchanga kwenye makarai. Fundi mkuu, mzee mwenye utani mwingi, alituonyesha jinsi msingi wa nyumba ya mteremkoni unavyokatwa kwa ngazi, usiteleze na udongo.

Mwenzangu mmoja wa chuo anayesomea ujenzi alikuja kutazama, akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: maji ya paa yataenda wapi? Akachukua kalamu yangu na kupiga hesabu nyuma ya daftari. Paa la vyumba vitatu lingekuwa na urefu wa mita 24 na upana wa mita 7, yaani mita za mraba 168. Mvua ya milimita 50 ikinyesha alasiri moja, paa hilo peke yake litamwaga lita 8,400. Kwenye mteremko, maji hayo yakiachwa yaanguke yatakavyo, yanaanza kwa kuchimba mfereji na yanaishia kwa kuchimba korongo.

Watu wa kaskazini mwa Bujumbura hatuhitaji kufundishwa sana jambo hilo. Usiku wa tarehe 9 Februari 2014 maji yalishuka kutoka milimani yakapita Kamenge, Kinama na Buterere, na zaidi ya watu 60 wakafa. Nilikuwa darasa la nne, na nakumbuka Mama alivyotuamsha tukakaa wote kitandani tukisikiliza. Kingo za Ntahangwa nazo zinabomoka mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo nusu ya mkutano mmoja ilikwenda kwenye mifereji ya mabati, njia ya maji iliyojengwa kwa mawe, na tangi la kuvuna maji. Vilituongezea gharama, lakini hakuna aliyepinga.

Saruji ilikuwa taabu. Kuna wiki ilikuwa haipatikani kabisa, na ikipatikana bei imepanda. Mifuko ya kwanza ilipofika, tuliogopa wizi. Baba alikuwa na usiku mmoja wa mapumziko kwa wiki. Alikuja na koti lake, tochi na redio, akatandika gunia kwenye chumba kisicho na paa, akalala kando ya mifuko. Nilimpelekea chai. Maisha yangu yote nilikuwa nimemwona Baba akilinda mali ya watu. Usiku ule nilimwona kwa mara ya kwanza akilinda kitu cha watoto wake. Sikumwandika kwenye daftari. Halikuwa na safu ya jambo kama hilo.

Juni ilipofika, pesa zikapungua. Kuta zilikuwa zimefika usawa wa madirisha. Kwenye kikao cha kamati mtu mmoja akasema dawa ya wazembe ni aibu. Jumamosi, baada ya kazi, katibu asome majina ya ambao hawajatoa hata faranga moja. Wengine wakatikisa vichwa kukubali. Mwalimu mkuu aliniangalia, nami niliona kwamba kama ningesema neno moja angenisaidia. Sikusema. Nilifikiri: haba na haba hujaza kibaba, na kama wengine wameweka haba yao, kwa nini hawa wasiweke?

Jumamosi ile nilipanda juu ya rundo la matofali ili wanione. Nilisoma majina thelathini na saba. Nilisoma vizuri, kwa sauti ileile niliyofundishwa ya kusoma insha mbele ya darasa, nikituama kidogo baada ya kila jina. Kila jina lilipotajwa, watu waligeuka kumtafuta mwenyewe. Nyuma mtu akacheka.

Jina la ishirini na kitu lilikuwa la mama mmoja ambaye binti yake alikuwa darasa la nne, dawati moja na mdogo wangu. Nilipolisoma nilimwona. Alikuwa amesimama karibu na ukuta, karai la mchanga kichwani, kwa sababu kazi haikuwa imeisha kabisa. Alilishusha karai polepole, akalimwaga mahali palipotakiwa, akakung'uta kitenge chake, akaondoka. Mimi nikaendelea na jina lililofuata.

Jumatatu binti yake hakuja shule. Jumanne hakuja. Wiki ya pili mdogo wangu aliniambia tukiwa tunakula, bila kuinua macho kwenye sahani:

"Dada, mwenzangu haji tena. Watoto wanamwita wa thelathini na saba."

"Lakini mama yake hakuwa wa thelathini na saba."

"Najua," akasema. "Wanamwita tu."

Nilimpata yule mama mtoni. Kando ya Ntahangwa kuna watu wanaoishi kwa mawe ya mto: wanayaokota, wanayaponda kwa nyundo mpaka yawe kokoto, wanayauza kwa ndoo. Mara kwa mara wanakatazwa, kwa sababu uchimbaji wa mawe na mchanga unazidi kubomoa kingo, na katazo hilo lina maana yake. Lakini njaa nayo haikatazwi. Alikuwa amekaa chini ya kivuli cha kanga iliyofungwa kwenye miti minne. Binti yake alikuwa pembeni na nyundo ndogo.

"Karibu, katibu," akasema.

Aliniita hivyo, mimi ambaye alinijua tangu nikiwa nafunga kamasi kwa mkono wa sare. Tuliongea Kirundi. Ninayaandika maneno yake kwa Kiswahili jinsi ninavyoweza.

Nilimwambia nimekuja kuuliza habari za mtoto. Alinijibu kwa swali.

"Zile kokoto za sakafu, mlizinunua kwa nani?"

"Kwa mwenye lori."

"Na mwenye lori alizipata wapi?"

Nilinyamaza. Alionyesha kwa nyundo mahali patupu kando yake, ambapo mchanga ulikuwa bado umelala kwa umbo la rundo.

"Zilikuwa hapa. Mimi na huyu, na jirani yangu yule. Mwenye lori alisema atatulipa shule ikimlipa. Sikukataa kutoa mchango, mwanangu. Nilikuwa nangoja pesa yangu ili niutoe."

Nilikuwa nimebeba daftari kwenye mfuko. Sikuhitaji kulifungua, kwa sababu mimi ndiye niliyeandika. Ukurasa wa matumizi, kwa mwandiko wangu mzuri: kokoto, lori mbili, nusu imelipwa, nusu inangoja michango. Deni letu na deni lake yalikuwa kwenye daftari moja, kurasa sita tu zikiyatenganisha. Sisi tulimngoja yeye atoe ili tumlipe mwenye lori, mwenye lori alitungoja sisi ili amlipe yeye, na yeye alimngoja mwenye lori ili atutolee. Katika mzunguko ule wa kungojana, jina lililosomwa hadharani lilikuwa la mtu mmoja tu, yule aliyeponda mawe.

Nilimwomba radhi. Hakusema amenisamehe wala hajanisamehe. Alisema, "Huyu atarudi nikipata pesa ya daftari na sare. Sasa hivi ananisaidia."

Kikao kilichofuata niliomba kusema. Nilikuwa nimejiandalia hotuba, lakini nilipofungua mdomo nilieleza tu habari ya kokoto na nikasoma zile kurasa mbili, moja baada ya nyingine. Nilimaliza kwa kupendekeza mambo matatu. Kwanza, tulipe deni la mwenye lori kabla ya kununua kitu kingine chochote, na mmoja wetu awepo anapowalipa wapondaji. Pili, majina yasisomwe tena. Tatu, daftari liwe na sehemu ya kazi: aliyebeba, aliyeponda, aliyelinda, aliyepika uji wa mafundi, siku zake ziandikwe na zihesabiwe kuwa mchango.

Mzee mmoja alipinga pendekezo la tatu, na sababu zake sikuweza kuzidharau. Alisema: "Watoto wangu, saruji hainunuliwi kwa jasho. Tukiandika jasho kuwa pesa, kila mtu atatoa jasho, na ukuta utabaki hapo ulipo." Alikuwa na haki. Baadaye ilitokea hivyohivyo kwa kiasi fulani. Kuna waliokuja kukaa kivulini saa nzima kisha wakataka waandikwe siku nzima, na nikagombana nao. Mkutano ulimaliza kwa njia ya kati: familia isiyoweza itoe nusu kwa pesa na nusu kwa siku za kazi, na mwalimu mkuu peke yake ndiye azungumze na wasiotoa, ofisini, mlango ukiwa umefungwa.

Kulipa deni la kokoto kulitugharimu madirisha. Pesa zilizokuwa zimetengwa kwa fremu za vyumba viwili vya zamani zilikwenda kwa mwenye lori, na kutoka kwake, mbele ya macho ya mjumbe wetu, kwenda mtoni. Vyumba vile mpaka leo vina mbao zilizopigiliwa misumari.

Ili kuziba pengo tukaandika barua kwa wenye nyumba kubwa za mtaa. Niliziandika mimi, kwa Kifaransa, barua arobaini. Tulijua zikipelekwa na mtu asiyejulikana zitaishia getini, kwa hiyo Baba alizigawa kwa mazamu wenzake, na kila zamu akamkabidhi bosi wake mkononi. Walijibu watatu. Mmoja alileta mifuko ya saruji kwa gari lake mwenyewe, akaingia, akazunguka vyumba vyote, akasema amekaa mtaani miaka mingi na hajawahi kuona ndani ya shule hii. Mwingine alitaka jina lake liandikwe ukutani. Tulijadiliana sana kuhusu hilo. Mwishowe tukamshukuru kwa barua, na ukutani tukaandika mwaka tu: 2024.

Msomaji anaweza kuniuliza kwa nini mponda kokoto alipie ukuta wa shule ambayo sheria inasema ni ya bure. Swali hilo nami nimejiuliza. Mwaka 2021 Tanzania ilipata mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wakati wa UVIKO-19, na sehemu yake ikajenga madarasa 15,000. Nilisoma habari hizo kwa wivu. Naamini kujenga shule ni kazi ya serikali kwanza, na kwamba mchango wa lazima ni kodi ambayo humlemea zaidi asiye nacho, kwa sababu faranga 10,000 za bosi na faranga 10,000 za mponda kokoto hazina uzito mmoja. Naamini pia kwamba kama tungengoja, mdogo wangu angesomea kwenye stoo niliyosomea mimi. Mambo hayo mawili nimeshindwa kuyapatanisha, nayabeba yote.

Kiangazi kilipoisha, vyumba viwili kati ya vitatu vilikuwa na paa, mabati tuliyoyaomba yakiwa yametosha hivyo viwili. Cha tatu kina kuta na hakina kitu juu. Vyoo vya wasichana vina milango na makomeo. Mvua za kwanza zilipokuja nilikwenda makusudi kusimama uani. Maji yalishuka kwenye mifereji, yakaingia kwenye tangi, na yaliyozidi yakafuata njia ya mawe bila kuchimba. Darasani, hata hivyo, mwalimu aliweka chaki mezani na kukunja mikono. Dari hatukuweza.

Yule binti alirudi Septemba. Lakini alikuwa amekosa wiki za mwisho na mitihani ya mwaka, kwa hiyo amerudia darasa la nne. Mdogo wangu yuko la tano. Wanaonana wakati wa mapumziko. Mama yake nilimwomba radhi mara ya pili, safari hii mbele ya watu, Jumamosi, kwa kuwa nilimwaibisha mbele ya watu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya, shika karai." Tukabeba mchanga pamoja asubuhi yote, na hatukuzungumza zaidi ya hapo. Mwaka mmoja wa mtoto hauponi kwa samahani, najua. Ninamfundisha binti yake kusoma Jumatano jioni, na hilo nalo haliurudishi mwaka.

Kwa Kirundi tuna neno ikivi. Ni kipande cha shamba ambacho mkulima amepangiwa au amejipangia kulima, na heshima yake ni kukimaliza. Akishindwa, wanaobaki wanakimaliza kwa niaba yake. Chumba cha tatu ni ikivi chetu, na kiangazi kijacho tutarudi. Mwalimu mkuu ameniomba niendelee kuwa katibu, nami nimekubali. Nimeshanunua daftari jipya na kulifunika kwa gazeti. Nimechora mistari. Lakini ukurasa wa kwanza, kabla ya orodha ya wanaodaiwa na shule, nimeandika orodha ya wanaoidai shule, na jina la kwanza ni la mponda kokoto ambaye tutamhitaji tena kwa sakafu.

La pili ni la Baba.